Mtoto na Mama Yake: Merrylands, Parramatta na Historia ya Wazazi Vijana Walio Mikononi mwa Serikali

Ukipanda treni ya laini ya Cumberland hapa Merrylands kuelekea kaskazini, kituo cha kwanza ni Harris Park na cha pili ni Parramatta. Ukishuka hapo ukatembea kufuata mto, unafika kwenye kuta ndefu za mawe ambazo wengi wetu tuliokulia Merrylands, Guildford na Granville tulizijua kama majengo ya zamani ya hospitali tu. Hakuna aliyetuambia shuleni kwamba kwa zaidi ya miaka 150 wasichana na wanawake vijana walifungiwa humo, wala kwamba wengi wao walikuwa wazazi.

Tumeamua kuandika historia hiyo kwa sababu swali lake limefika kwetu. Msichana wa miaka 16, ambaye mwenyewe yuko chini ya uangalizi wa serikali, amepata mimba. Nani atamlea yeye, na nani atamlea mtoto wake? Katika jumuiya yetu swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, tena baada ya watoto kuondolewa sebuleni. Lakini Sydney imekuwa ikilijibu tangu enzi za wafungwa, na kwa muda mrefu jibu lilikuwa moja: mtenganishe mama na mtoto. Hoja yetu ni kwamba jibu hilo halikubadilika kwa sababu maofisa walipata huruma. Lilibadilika pale mama kijana alipopata kipato chake mwenyewe na watu wa kusimama naye. Palipokosekana kimojawapo, utengano ulirudi kwa jina jingine.

Kwanza neno lenyewe. Ustawi wa jamii Tanzania husema "malezi ya kambo". Hapa Merrylands hakuna anayesema hivyo, watu husema "fosta" na yanaishia hapo. Pengine ni afadhali, maana kambo katika hadithi za utotoni ni mama wa kambo, yule anayemnyima mtoto chakula. Kiswahili kina kitenzi kizuri zaidi, kulea, ambacho hakiulizi nani alizaa. Shangazi analea, bibi analea, na ndugu zetu Wakongo wana mama mukubwa ambaye analea kana kwamba ni yeye aliyejifungua. Wageni wa nchi hii walipofika Parramatta hawakuwa na kitenzi cha namna hiyo kwa mfungwa aliyezaa.

Ardhi yenyewe ni ya Wadharug, na ukoo wa Burramattagal ndio uliompa Parramatta jina lake. Mwaka 1814 Gavana Lachlan Macquarie alianzisha hapo taasisi ya kuwalea watoto wa wenyeji mbali na wazazi wao, kwa hiyo utengano ulianzia kwa wenye nchi. Miaka saba baadaye, mwaka 1821, jengo jipya la Kiwanda cha Wanawake lilianza kutumika kando ya mto, likichukua nafasi ya kile cha kwanza kilichokuwa ghorofani juu ya jela tangu 1804. Mchoraji wake, Francis Greenway, alikuwa mwenyewe mfungwa. Kiwanda kilikuwa jela, karakana ya kusokota na kufuma sufu, na wodi ya uzazi kwa pamoja. Mwanamke mfungwa aligawiwa kwa bwana fulani kama mtumishi wa nyumbani, na akipata mimba katika nyumba ile alirudishwa Kiwandani kujifungua. Nani alimpa mimba halikuwa swali lililosumbua wengi.

Mtoto aliruhusiwa kukaa na mama yake kwa miaka michache ya mwanzo. Baada ya hapo, kwa kawaida akiwa na miaka mitatu au minne, alipelekwa shule ya yatima. Wasichana walipelekwa kwenye jengo la matofali lenye ghorofa huko Rydalmere, ng'ambo ya mto, lililopokea watoto tangu 1818. Neno "yatima" lilikuwa la uongo. Wengi wa watoto hao walikuwa na mama aliye hai, kilomita chache tu kutoka pale walipolala. Msomaji akumbuke jengo hilo la Rydalmere, maana tutalirudia.

Kufikia mwisho wa karne ya 19 watu wenye mawazo mapya walianza kusema kwamba majumba makubwa ya yatima yanaharibu watoto. Sheria ya mwaka 1881 ya New South Wales iliunda bodi ya kuwaweka watoto wa serikali katika nyumba za familia, na familia hizo zililipwa. Huo ndio mwanzo rasmi wa fosta katika jimbo hili. Mwaka 1896 sheria ilirekebishwa na bodi ikaruhusiwa kuwalipa akina mama wenyewe, yaani wajane na walioachwa na waume zao, wawalee watoto wao nyumbani. Ni wazo la maana sana: badala ya kumlipa mgeni amlee mtoto, mlipe mama. Lakini angalia nani hakutajwa. Msichana ambaye hakuwahi kuolewa hakuwa mjane wala hakuachwa na mume.

Msichana huyo alifanya nini? Mwaka 1892 Amber Murray, mwenye miaka 18, hajaolewa, alijifungua mtoto wa kiume aliyeitwa Horace. Hakuwa na namna ya kufanya kazi akiwa na mtoto mchanga, basi akatangaza gazetini akitafuta mtu wa kumlea kwa malipo. John na Sarah Makin walijibu. Walikubaliana shilingi kumi kwa wiki. Makin walikuwa wanafanya biashara ya kupokea watoto wa wasichana kama Amber, na watoto hao walikuwa wanakufa. Baadaye mwaka huohuo miili ya watoto wachanga ilifukuliwa katika nyua za nyumba walizokuwa wamepanga. John Makin alinyongwa mwaka 1893, na mkewe alifungwa. Kesi hiyo bado husomwa na wanafunzi wa sheria kwa sababu ya kanuni moja ya ushahidi. Sisi inatuvutia kwa sababu nyingine. Amber hakumtupa mwanawe. Alitafuta mlezi, akajibana kulipa, na akataka kumwona mtoto wake. Kilichokosekana ni mtu mwaminifu wa kumshika mkono, na shilingi za kumwezesha asimtoe kabisa.

Shilingi zilikuja kidogokidogo. Mwaka 1912 serikali kuu ilianza kutoa pauni tano kwa kila mama aliyejifungua, hata asiyeolewa, jambo lililowakera viongozi wa dini wa wakati ule. Sheria hiyohiyo iliwanyima wanawake wa asili ya Asia, wenyeji wa Australia, wa Papua na wa visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1942 ikaja pensheni ya wajane, na kwa mara nyingine msichana aliyezaa bila ndoa akaachwa nje.

Wakati huo serikali ilikuwa na majumba yake, na moja liko jirani kabisa. Shuka kituo cha Guildford, kimoja tu kusini mwa Merrylands, uende Linnwood. Ni jumba zuri lililojengwa mwaka 1891 na mhandisi tajiri, George McCredie. Serikali ililichukua mwaka 1917 kuwa shule ya wavulana watoro, na baadaye likawa makazi ya wasichana waliokuwa chini ya serikali, waliofundishwa kupika, kufua na kutunza nyumba za watu. Leo ni mali ya halmashauri yetu ya Cumberland. Wasichana hao walikuwa na umri wetu au chini kidogo, na kazi waliyoandaliwa ilikuwa ileile waliyogawiwa wanawake wa Kiwandani miaka mia moja kabla.

Kwa wale walioitwa wakaidi palikuwa na Parramatta. Kuanzia 1887 hadi 1974 jengo lililokuwa la yatima wa Kikatoliki, ukuta kwa ukuta na Kiwanda cha zamani, lilikuwa shule ya viwanda ya wasichana, na majina yake yalibadilishwa mara kadhaa bila maisha ya ndani kubadilika sana. Msichana hakuhitaji kuiba wala kumdhuru mtu ili apelekwe huko. Mahakama ya watoto ilitosheka ikimwona kuwa "yuko katika hatari ya kimaadili" au "hadhibitiki". Aliyetoroka nyumba aliyokuwa akipigwa, au aliyekuwa akiingiliwa na baba wa kambo, aliweza kuhukumiwa yeye. Walipimwa miili kwa nguvu ili ijulikane kama ni mabikira. Walioonekana sugu walipelekwa Hay, mbali magharibi, katika jela ya zamani iliyofunguliwa kwa ajili yao mwaka 1961. Mwaka 2014 tume ya kitaifa ya uchunguzi kuhusu udhalilishaji wa watoto kingono katika taasisi ilikaa Sydney ikawasikiliza wanawake waliopita Parramatta na Hay. Walikuwa wamekuwa bibi, na wengine ndiyo kwanza walikuwa wakisimulia.

Wasichana walikwaruza herufi kwenye milango na kuta: majina, tarehe, na mara nyingi I.L.W.A., msimbo wa Kiingereza uliomaanisha takriban "nakupenda, nakuenzi daima". Tunazitaja herufi hizo kwa sababu zinaonyesha kwamba ndani ya ukuta ule, mahali ambapo urafiki wenyewe uliweza kuleta adhabu, walikuwa wakijitengenezea undugu. Historia ya msaada kwa wazazi vijana haianzii kwa wafadhili.

Na wenye mimba? Idara ya ustawi wa watoto ilikuwa na nyumba yake huko Arncliffe, iliyoitwa Myee, kwa ajili ya wasichana wajawazito waliokuwa chini ya serikali. Wengine walijifungulia katika hospitali kubwa kama ile ya wanawake ya Crown Street. Fikiria hali ya msichana huyo. Mlezi wake kisheria ni idara. Anayemshauri kumtoa mtoto ni ofisa wa idara ileile. Baba yake na mama yake, kama wapo, wamekwisha kuambiwa hawafai. Sheria ya uasili ya mwaka 1965 ilimpa mama siku 30 za kubatilisha idhini yake, lakini akina mama wengi walieleza baadaye kwamba hawakuambiwa haki hiyo, kwamba walikuwa wamepewa dawa za usingizi, kwamba mto au shuka liliwekwa wasimwone mtoto akitoka. Kamati ya bunge la New South Wales iliyotoa taarifa mwaka 2000 ilikubali kwamba mambo mengi yaliyofanyika yalikuwa kinyume cha maadili, na mengine kinyume cha sheria. Uasili ulifika kilele mwaka 1971–72, ambapo watoto 9,798 waliasiliwa Australia nzima. Mwaka 2021–22 walikuwa 208.

Namba hiyo haikushuka kwa sababu wasichana waliacha kuzaa. Vidonge vya kuzuia mimba vilichangia, na sheria za utoaji mimba pia, hilo hatulikatai. Lakini sababu ambayo akina mama wenyewe huitaja zaidi ni ya Julai 1973, serikali ya Gough Whitlam ilipoanzisha posho kwa mama anayelea peke yake, akiwemo asiyewahi kuolewa. Kwa mara ya kwanza msichana aliweza kumwambia ofisa: nitampeleka mtoto wangu nyumbani, na kodi nitalipa. Posho ya serikali kuu ilianza baada ya miezi sita, kabla ya hapo jimbo ndilo lililotoa, na pengo hilo liliondolewa mwaka 1980. Mwaka 1977 jina likabadilishwa kuwa posho ya mzazi, na baba anayelea peke yake naye akaingia. Tunasisitiza hilo la baba kwa sababu katika mazungumzo yetu ya nyumbani kijana aliyempa msichana mimba hutajwa siku ya kwanza tu, kwa matusi, kisha hasikiki tena.

Lile jengo la matofali la Rydalmere tulilomwomba msomaji alikumbuke limo leo ndani ya kampasi ya Western Sydney University, na taasisi iliyo ndani yake ni Taasisi ya Whitlam. Wanafunzi hukatiza hapo wakienda darasani. Nyumba iliyopokea watoto walionyang'anywa wafungwa inatunza kumbukumbu za waziri mkuu aliyewapa mama zao wa baadaye posho. Hatujui kama aliyepanga hivyo aliwaza jambo hili.

Posho peke yake haikutosha, na hapa tunamtaja Bessie Guthrie. Alizaliwa mwaka 1905, akaishi Glebe, alikuwa mbunifu na mchapishaji wa vitabu. Wasichana waliotoroka majumba ya serikali walikuwa wakibisha mlangoni kwake usiku, naye aliwafungulia, akawalisha, akaandika malalamiko yao na kuyapeleka kila mahali kwa miaka mingi bila kusikilizwa. Mwaka 1973 alipata jeshi: wanawake vijana wa vuguvugu la ukombozi waliandamana pamoja naye hadi nje ya Parramatta. Mwaka uliofuata taasisi ikafungwa kwa jina lile. Machi 1974 wanawake hao, Bessie akiwa kati yao, walivunja kufuli la nyumba tupu Glebe wakaanzisha Elsie, makazi ya kwanza ya aina yake Australia kwa wanawake na watoto waliokimbia kipigo, mama na mtoto wakilala chumba kimoja. Ukiuliza katika karne mbili hizi jumuiya ilifanya nini, jibu letu ni huyo mama wa Glebe na mlango wake, kabla hajapata ruzuku yoyote.

Upande wetu wa magharibi mfano mzuri ni shule ya serikali ya Plumpton, karibu na Mount Druitt. Mwalimu mkuu wake, Glenn Sargeant, aliamua kwamba mwanafunzi akipata mimba haondoki. Ratiba ilipangwa upya, mtoto akakaribishwa, na msichana akafanya mtihani. Televisheni ya ABC ilirusha filamu ya mfululizo kuhusu shule hiyo mwaka 2003, na wapo waliolalamika kwamba shule inahimiza uzinzi. Msomaji wetu atakuwa amekwisha kusikia hoja hiyo kwa Kiswahili.

Maana kwetu nako hatukuwa wasafi. Ni rahisi kukaa Merrylands na kusema Wazungu ndio waliowatenganisha mama na mtoto, Afrika tunalea. Ni kweli tunalea. Pwani mzazi hukaa siku arobaini ndani, akioshwa kwa maji ya moto, akikandwa, akinyweshwa uji wa pilipili manga, na mwanamke mwenye uzoefu akiwa pembeni kumfundisha kumshika mtoto. Hakuna programu ya serikali iliyobuni kitu bora kuliko hicho kwa mama wa miaka 17. Lakini siku arobaini zilikuwa za aliyeolewa, au aliyeozwa haraka. Kwa mwanafunzi asiyeolewa mambo yalikuwa mengine. Tanzania ilimfukuza shule kwa miongo mingi. Juni 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba katika utawala wake aliyezaa hatarudi darasani, na ilikuwa Novemba 2021 ndipo Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alipotangaza kwamba wanaweza kurudi. Kenya iliweka mwongozo wa kuwarudisha shuleni mwaka 1994 na kuutengeneza upya mwaka 2020, lakini mwongozo ni karatasi na mwalimu mkuu ni mtu. Na nyumbani je? Mtoto aliachwa kijijini kwa bibi, mama yake akapelekwa mjini kuwa mfanyakazi wa ndani. Bibi alilea vizuri, hatumlaumu. Ila msichana yule alikwenda kufua na kupika nyumba ya mtu, kama wa Linnwood, kama wa Kiwandani, na mwanawe akakua akimwita dada.

Tulipofika hatua hii ya utafiti tulibishana wenyewe kwa wenyewe. Baadhi yetu waliona tunawaanika wazee wetu bila sababu. Mwisho tumeyaacha, kwa kuwa tukinyamaza hatutaelewa kinachotokea sasa.

Wengi wa familia zetu walikuja kwa njia ya ukimbizi, kupitia Nyarugusu, Kakuma au Dadaab. Tangu 1989 Australia ina viza maalumu kwa wanawake walio hatarini, na baadhi ya waliokuja kwayo walikuwa wasichana wenye watoto. Aliyefika bila mzazi wala ndugu mzima, akiwa chini ya miaka 18, mlezi wake kisheria ni Waziri wa Uhamiaji, kwa sheria ya mwaka 1946. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya watoto wa Uingereza walioletwa kwa meli baada ya vita, ambao wengi waliitwa yatima na hawakuwa yatima.

Wengine huingia fosta wakiwa hapahapa: ugomvi nyumbani, kipigo, polisi, mahakama ya watoto Parramatta. Sheria inayotawala leo ni ya mwaka 1998. Imeandikwa kwa lugha ya upole kuliko zile za zamani. Inasema serikali iingilie kwa kiasi kidogo kinachowezekana, inampa kijana haki ya kusikilizwa, na kuanzia miaka 12 huchukuliwa kuwa anaweza kumwelekeza mwanasheria wake mwenyewe. Mtoto wa msichana aliye chini ya uangalizi hawi wa serikali kwa kuzaliwa tu. Haya yote wazazi wetu hawayajui, na tungependa wayajue.

Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu taarifa kutolewa kuhusu mtoto kabla hajazaliwa, na msichana aliyekulia fosta tayari ana faili nene ofisini, lenye kila alichofanya akiwa na hasira tangu utoto. Marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2018 yanataka mahakama iamue kama mtoto aliyeondolewa anaweza kurudi kwa mzazi ndani ya muda usiozidi miezi 24. Kwa mtu wa miaka 30 mwenye nyumba, miezi 24 ni muda. Kwa mtu wa miaka 16 ambaye lazima kwanza atimize 18, apate pa kuishi na amalize shule, ni mfupi mno, na sisi tunaona sheria hapo imekosea. Profesa Megan Davis na wenzake walipopitia mafaili ya watoto wenyeji 1,144 walioingia katika uangalizi mwaka 2015–16, taarifa yao ya mwaka 2019 ilionyesha jinsi watoto wachanga wanavyochukuliwa kutoka hospitalini kwa mama ambao hawakupewa msaada wakati wa mimba. Wengi wa mama hao walikuwa wamelelewa na serikali hiyohiyo. Wakati huo nchi ilikuwa imekwisha kuomba radhi mara kadhaa: kwa wenyeji walioibwa utotoni mwaka 2008, kwa waliolelewa katika majumba mwaka 2009, na kwa mama walionyang'anywa watoto, jimbo mwaka 2012 na serikali kuu Machi 2013.

Mwishoni mwa 2022 serikali ya jimbo ilitangaza kwamba msaada kwa walio fosta utaendelea hadi miaka 21 badala ya kukatika 18. Ni hatua kubwa. Mama wa miaka 18 hatakiwi tena kufungasha begi na kitanda cha mtoto siku ya kuzaliwa kwake.

Na jumuiya? Akina mama wetu bado huiita idara "Doksi", ingawa imebadilisha jina mara kadhaa na sasa inajulikana kama DCJ. Neno hilo likitamkwa, sauti hushuka. Tumesikia zaidi ya mara moja juu ya msichana mjamzito aliyehamishwa usiku kwenda kwa jamaa Brisbane au Adelaide ili Doksi wasijue. Nia ni kumlinda. Matokeo ni kwamba anakosa kliniki, anakosa shule, anakosa marafiki, na siku idara ikijua, kule kutoroka kunaandikwa kwenye faili kama ushahidi kwamba familia haiaminiki. Aibu yetu na tahadhari yao vinamfikisha msichana mahali pamoja.

Kuna jambo moja ambalo jumuiya yetu ingeweza kufanya na bado hatujalifanya kwa wingi, nalo ni kujiandikisha kuwa walezi. Tuliwauliza akina mama kadhaa tunaowafahamu kwa nini. Mmoja alisema, "Mwanangu, wataingia kukagua jikoni kwangu." Mwingine alisema anaogopa kwamba akifungua mlango kwa mtoto wa watu wataanza kuwachunguza wake. Wa tatu, ambaye amelea wajukuu wa dada yake wanne bila senti ya mtu, alishangaa kusikia kwamba kazi hiyo ina posho na mafunzo. Ukaguzi upo kweli: polisi huangalia rekodi, ofisa hutembelea nyumba, maswali ni mengi na mengine yanaudhi. Huchukua miezi.

Lakini fikiria msichana wa Kiswahili anatoka Hospitali ya Westmead na kichanga cha siku tatu. Nyumba moja anayoweza kupelekwa ina watu wema ambao hawajui kwa nini analia anapoletewa maji baridi. Nyumba nyingine iko Merrylands, mama mwenye nyumba ana kibali, ana kitanda cha ziada, amechemsha uji, naye atakuwa shahidi mahakamani kwamba amemwona binti huyu akinyonyesha usiku wa manane kwa siku arobaini mfululizo. Hakimu husikiliza ushahidi wa namna hiyo. Amber Murray hakuwa nao, wala wasichana wa Myee.

Wanaotaka kuziona kuta wenyewe wanaweza kwenda. Eneo lote liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Taifa Novemba 2017, baada ya kampeni ndefu ya wanawake waliowahi kufungiwa humo, wakiwa wamejikusanya tangu 2006 chini ya jina Parragirls, kikundi kilichoanzishwa na Bonney Djuric. Waliwazuia wajenzi wa maghorofa wasiifute milango yenye herufi. Chama chetu kinapanga kwenda huko muhula ujao, na safari hii tumewaalika akina mama pia, wakiwemo wale watatu. Wawili wamekubali. Yule wa jikoni amesema atafikiria.